Diploma Iko mu Mukono: Sasa Kazi Inaanza



Kila mwaka kuna wamoja katikati yetu wanaosema: "Mimi nitasoma uuguzi." Ni vizuri. Lakini wengi wanafikiri paka mpaka siku ya diploma: nguo mpya, picha, soda na jamaa. Leo tujifunze juu ya siku inayofuata, ile ya kwanza ku kazi.

1. NJIA YA KUFIKA

Mu inchi yetu, mwenye kutoka ku ITM anaitwa infirmye A2. Mwenye kuendelea ku masomo ya juu, ku ISTM, anaitwa A1. Tena, sheria ya mwaka 2016 iliunda chama cha wauguzi wote, Ordre des Infirmiers. Kwa hiyo diploma peke yake haitoshi. Inafaa jina lako liandikwe mule.

Jimbo letu la Lualaba liko na zoni za afya 14, na Mutshatsha ni moja yao. Zoni iko na hopitali yake kubwa, na santre ndogo mu vijiji. Mu santre nyingi hakuna dokta. Mukubwa wa pale ni infirmye, ule tunaita titulere. Yeye njo anauliza mugonjwa, anapima, anatoa dawa, anaandika ripoti, tena anatuma wagonjwa wa nguvu ku hopitali. Mwanafunzi anayefikiri infirmye ni mtu wa kubeba sahani ya shindano nyuma ya dokta, hajaona kazi ya huku kwetu.

2. MSHTUKO WA KWANZA

Mu 1974, mwalimu mumoja wa Marekani, Marlene Kramer, aliandika kitabu juu ya wauguzi wapya. Alionyesha kwamba wengi wanapata mshtuko, sababu kazi haifanani na mafundisho. Ku masomo ulijifunza ku mugonjwa mumoja, na vyombo vyote mbele yako, na mwalimu pembeni. Ku kazi, wagonjwa wanangojea inje, glavu zimebaki chache, na mama mumoja anakueleza maumivu yake kwa Kindembu ao kwa Kichokwe, wakati wewe ulisoma yote kwa Kifaransa.

Mu 1984 Mmarekani mwingine, Patricia Benner, alionyesha kwamba muuguzi anapanda ngazi tano, toka mwanzishi mpaka fundi kamili. Alisema ngazi ya tatu, ile ya kujua kupanga kazi yake vizuri, inafikiwa kisha miaka miwili ao mitatu ya kazi ya namna moja. Sikilizeni vizuri: miaka, si wiki. Kwa hiyo, kama mwezi wa kwanza unajiona mjinga, si ugonjwa. Uko paka ku ngazi ya chini.

3. MFANO: MTOTO WA KILO 10

Tuseme infirmye mupya yuko ku zamu ya usiku, mu hopitali. Mama anaingia mbio na mtoto ku mugongo. Mtoto ana homa kali na degedege, na kipimo kinaonyesha malaria. Dokta anaandika: artesunate ya mushipa. Infirmye anapima mtoto ku kilo: 10. Anakumbuka somo: "miligramu 2,4 kwa kila kilo." Anafanya hesabu: 24.

Hesabu ni sawa, lakini kanuni si ya huyu mtoto. Ile 2,4 ni ya mtu wa kilo 20 na zaidi. Chini ya kilo 20 tunatoa miligramu 3 kwa kila kilo. Inafaa basi 30, si 24. Chupa ya miligramu 60, ikichanganywa vizuri kwa kupiga mu mushipa, inatoa miligramu 10 mu kila mililita. Ni mililita 3. Kisha inarudiliwa saa 12 nyuma, tena saa 24 nyuma.

Angalieni: kosa lile halina kelele. Mtoto hatalia zaidi juu ya miligramu 6 zinazokosa. Ila dawa itakuwa kidogo, na ugonjwa ni wa kuua.

Nini inaweza kumwokoa? Ni maneno machache: "Mama, tafazali, angalia hesabu yangu." Yule mama infirmye wa zamani yuko pale ku meza ingine. Lakini mupya anafikiri: "Watasema sikusoma." Anaona haya, ananyamaza, anapiga shindano. Njo pale hatari iko. Mu kazi hii haya inaweza kuua kuliko ujinga, sababu mjinga anayeuliza anafundishwa.

4. MAMBO YA KUSHIKA TOKA SIKU YA KWANZA

a) Mbele ya kila dawa, jiulize mambo tano: ni mugonjwa mwenyewe? ni dawa yenyewe? ni kipimo chake? ni njia yake? ni saa yake?

b) Andika palepale. Kazi isiyoandikwa, mwenzako wa asubuhi ataifanya mara ya pili.

c) Wakati wa kupokezana zamu, mupite kitanda kwa kitanda. Musisemezane mu mulango, mmoja akiwa tayari na mufuko wake ku bega.

d) Nawa mikono kati ya mugonjwa na mugonjwa.

e) Heshimu wazee wa kazi. Kuna baba mwenye diploma ndogo kuliko yako, lakini mikono yake imepokea watoto wa kijiji kizima. Mwambie: "Baba, nionyeshe tena." Hautapoteza kitu.

5. MAMBO YA FEZA

Tusifichane. Mu inchi yetu infirmye wengi wanatumika wakati murefu bila matrikile, ni kusema bila mshahara wa Serikali. Wanapata paka sehemu ya feza ambayo wagonjwa wanalipa. Pale majaribu yanaingia: kuuza dawa kwa siri, ao kuomba mugonjwa kitu pembeni. Mwenye kuanza vile mwezi wa kwanza, mwaka wa pili hataweza tena kuacha, na watu wa kijiji watakimbia santre yake mpaka ugonjwa uwe mubaya sana.

Kwa hiyo, mbele ya kukubali kazi, uliza wazi: Nani atanilipa, na kila wakati gani? Nyumba iko? Nani atanisimamia miezi ya kwanza? Swali la mwisho ni kubwa kupita zote. Feza kidogo pamoja na mtu wa kukufundisha ni mwanzo mwema kuliko feza mingi na kuachwa peke yako usiku.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Juu ya nini infirmye wa santre anabeba mzigo mukubwa kuliko yule wa hopitali yenye dokta?

2. Fanya hesabu ya artesunate kwa mtoto wa kilo 8, kisha kwa mtu wa kilo 30. Chupa ngapi za miligramu 60 zinafaa kwa kila mumoja?

3. Toa mfano mu maisha yako ya masomo ambapo haya ilikuzuiza kuuliza. Matokeo yalikuwa nini?

Mujibu ku daftari, na swali la tatu mulijibu bila kujificha. Yule asiyejifunza kuuliza hapa mu darasa, hatajua kuuliza kule, saa nane ya usiku, na mtoto mbele yake.