SOMO: ASKOFU GEORGE ALEXANDER McGUIRE – ALITOKA, LAKINI HAKUITUPA IMANI



Katika masomo yetu juu ya watumishi wa Mungu waliotutangulia, safari hii tunamtazama askofu mmoja wa watu Weusi wa Marekani. Alikuwa kasisi wa Kianglikana kwa zaidi ya miaka 20, kisha akatoka na kuanzisha kanisa la kujitegemea. Kazi yake ilifika hata hapa Uganda, ingawa hatuoni kwamba yeye mwenyewe aliwahi kuhubiri hapa.

Maandiko ya kusoma: Mdo. 6:1-7, Mdo. 13:1-3, Yn. 17:20-23, Efe. 2:11-22.

Lengo la somo: Katika makazi yetu kila mwaka tunaona makanisa mapya yakizaliwa kutokana na magawanyiko. Tunataka kujiuliza: ni lini mtu anatoka kwa ajili ya haki, na ni lini anatoka kwa ajili ya cheo tu? Na wale wanaobaki, je, wao hawana lawama?

1. MALEZI NA WITO

George Alexander McGuire alizaliwa mwaka 1866 katika kisiwa cha Antigua, kwenye bahari ya Caribbean. Wakati huo kisiwa hicho kilitawaliwa na Uingereza. Baba yake alikuwa Mwanglikana na mama yake wa Kanisa la Moravian. Alisoma katika seminari ya Wamoravian, akawa mchungaji wao katika kisiwa cha St. Croix.

Mwaka 1894 alihamia Marekani. Huko akajiunga na Kanisa la Episkopali, ambalo ndilo Kanisa la Anglikana la nchi ile. Alipewa ushemasi mwaka 1896 na ukasisi mwaka 1897. Alihudumu miji mbalimbali, ikiwemo Philadelphia, katika Kanisa la Mtakatifu Thomas. Usharika huo ulianzishwa na Absalom Jones, mtu aliyezaliwa mtumwa, akawa kasisi Mweusi wa kwanza wa Kanisa la Episkopali.

Baadaye McGuire aliitwa Arkansas kuwa Arkidiakoni wa kazi ya kanisa kati ya watu Weusi. Kisha akaenda Cambridge, katika jimbo la Massachusetts, akawakusanya Waanglikana Weusi ambao wengi wao walikuwa wahamiaji kutoka visiwa vya Caribbean. Watu hao walikuwa wageni katika nchi ya watu, wakitafuta mahali pa kumwabudu Mungu kama walivyozoea kwao. Sisi tunaelewa jambo hilo bila kuelezwa sana. Huko huko alisomea pia udaktari.

2. MLANGO ULIOFUNGWA

Kwa nini basi mtumishi wa namna hii alitoka?

Kanisa la Episkopali lilikubali Weusi wawe washiriki, na lilikubali wachache wawe makasisi. Lakini kiti cha askofu lilikizuia. Mwaka 1874 liliweka wakfu askofu Mweusi kwa ajili ya Haiti, na mwaka 1885 mwingine kwa ajili ya Liberia, yaani nchi za mbali. Ndani ya Marekani yenyewe, maaskofu Weusi wa kwanza, Edward Demby na Henry Delany, waliwekwa wakfu mwaka 1918. Hata hao walikuwa maaskofu wasaidizi, na kazi yao ilikuwa kwa watu Weusi tu. Askofu Mweusi wa kwanza kuongoza dayosisi nzima ndani ya Marekani alikuwa John Burgess wa Massachusetts, mwaka 1970.

Kule Arkansas, McGuire alifanya kazi chini ya askofu Mzungu aliyefundisha waziwazi kwamba Weusi watengwe, wawe na kanisa lao, kwa sababu hawafai kuchanganyika na Wazungu. Hoja hiyo ilikuwa ya dharau. Lakini swali lilibaki: kama mmetukataa mezani, kwa nini mnatuzuia tusiwe na wachungaji wakuu wetu wenyewe?

Mwaka 1913 McGuire alirudi Antigua akahudumu huko miaka michache. Aliporudi Marekani alijiunga na chama cha Marcus Garvey, Mjamaika aliyewaita watu Weusi duniani kote wasimame wajitegemee. Katika mkutano mkuu wa New York, Agosti 1920, McGuire alichaguliwa kuwa kasisi mkuu wa chama hicho.

3. KANISA JIPYA, MWAKA 1921

Septemba 1921 sinodi ya kwanza ilikutana New York, likazaliwa Kanisa la Kiorthodoksi la Kiafrika. McGuire alichaguliwa kuwa askofu.

Hapa tuangalie kwa makini. Hakujivika kofia ya uaskofu mwenyewe. Aliamini kwamba askofu huwekewa mikono na askofu aliyetangulia, kama kanisa lilivyofanya tangu mwanzo. Tarehe 28 Septemba 1921, mjini Chicago, aliwekwa wakfu na Joseph René Vilatte, askofu mzaliwa wa Ufaransa aliyekuwa amepokea uaskofu kwa njia ya Kanisa la Kisiria la Antiokia. Makanisa makubwa hayakuukubali uaskofu wa Vilatte, na neno hilo lilimsumbua McGuire na kanisa lake kwa muda mrefu. Hata hivyo nia yake inaonekana. Alibaki na Kanuni ya Imani, sakramenti, na ngazi tatu za huduma: shemasi, kasisi na askofu. Alianzisha chuo cha kufundisha makasisi, na gazeti la kanisa.

Mapema tu alipata jaribu lingine. Garvey hakutaka chama chake kifungwe na dhehebu moja, wakakosana, naye McGuire akaacha nafasi yake katika mwaka ule ule wa 1921. Lakini walipatana, na mwaka 1924 alisimama tena kwenye mkutano wa chama, akawafundisha watu Weusi wasione aibu kumchora Kristo akiwa Mweusi. Alifariki New York, Novemba 1934.

4. MBEGU ILIVYOFIKA AFRIKA MASHARIKI

Gazeti la Garvey lilisafiri mbali. Uganda lilimfikia Mwanglikana kijana, Reuben Spartas Mukasa. Humo alisoma habari za kanisa lile, akaandika barua, akaelekezwa Afrika Kusini kwa Daniel William Alexander, ambaye McGuire alimweka wakfu kuwa askofu mwaka 1927. Mwaka 1929 Spartas alitangaza kanisa hilo Uganda. Alexander alikuja, na mwaka 1932 akampa Spartas ukasisi. Baadaye Alexander alikwenda pia Kenya, akafundisha na kuweka makasisi kati ya Wakikuyu.

Spartas alipogundua kwamba kanisa la McGuire halikuwa katika ushirika na Waorthodoksi wa kale, hakuona haya kutafuta zaidi. Alimwandikia Patriaki wa Alexandria, Misri, na mwaka 1946 yeye na watu wake wakapokelewa. Makanisa ya Kiorthodoksi tunayoyaona leo Uganda na Kenya yana mzizi wao katika historia hiyo.

5. TUNAJIFUNZA NINI?

Kwanza, tusome tena Matendo 6. Wajane wa Wayahudi wenye kusema Kiyunani walisahauliwa katika mgao wa kila siku. Mitume hawakuwaita wakorofi. Waliitisha mkutano, wakachaguliwa watu saba, na majina ya wote saba ni ya Kiyunani! Yaani walionung'unika walipewa nafasi ya kusimamia. Basi ndugu aliyekuja jana akisahauliwa, au lugha yake isiposikika kamwe ibadani, au kabila moja likishika viti vyote vya baraza, tusishangae akiondoka. Mara nyingine anayefunga mlango ndiye anayeligawa kanisa.

Pili, anayetoka ajipime. McGuire alitoka baada ya utumishi mrefu, kwa sababu iliyowagusa watu wengi. Alibaki na imani ile ile, akatafuta kuwekewa mikono, akajenga chuo. Mtu aliyekosa uzee wa kanisa Jumapili, akafungua kanisa lake Jumatano chini ya turubai na kujiita Askofu, hawezi kusema anafuata njia hiyo.

Tatu, kutoka si mwisho. McGuire alipatana na Garvey. Spartas alitafuta ushirika mpana zaidi. Bwana wetu aliomba kwamba wote wawe kitu kimoja. Hata aliyetoka kwa haki aache daraja, asilichome.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA VIKUNDI

1. Katika usharika wetu, ni nani wanaosahauliwa kama wale wajane? Tufanye nini mwezi huu?
2. Kwa nini McGuire hakutaka kujiweka askofu mwenyewe? (Mdo. 13:1-3)
3. Ni kanisa gani jirani lililotoka kwetu, ambalo tungeweza kulitembelea kwa amani?

Tuombe: Ee Bwana, utusamehe tulipowafungia ndugu zetu mlango. Utupe masikio ya kusikia manung'uniko kabla hayajawa mafarakano, na utukusanye tena waliotawanyika. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.