Kwa Nini Kolekole Alikakamaa?



Jumamosi moja alfajiri ami alirudi pwani ya Shella, hapa Malindi, na kolekole mmoja mkubwa aliyepigana sana na mshipi. Akanituma nikamuuze. Jua lilipopanda, samaki alikuwa amekakamaa kama ubao. Mnunuzi akambonyeza, akasema, "Huyu wa jana, bwana mdogo." Sikuwa na la kujibu, nikapunguza bei. Ami hakunigombeza, alisema tu, "Umedanganywa, mwanangu. Samaki aliyekaza ni mbichi." Haya niliyoona siku hiyo siisahau. Jawabu nimelipata katika somo la biolojia.

Ndani ya kila seli ya msuli mna nyuzi za protini za aina mbili: nyembamba za aktini na nene za miosini. Mwaka 1954 Andrew Huxley na Rolf Niedergerke, na kwa upande mwingine Hugh Huxley na Jean Hanson, walieleza kwamba msuli unapojikunja nyuzi zenyewe hazifupiki, bali huteleza na kupishana. Pachika vidole vya mkono mmoja kati ya vya mkono wa pili, kisha visukume ndani, utaelewa.

Kazi yenyewe huenda hivi:

1. Neva huleta amri. Kalsiamu iliyowekwa ghalani mwa seli humwagika kwenye nyuzi.

2. Kalsiamu hushika protini iitwayo troponini, nayo husogeza kando tropomiosini, ambayo ilikuwa imeziba pa kushikia kwenye aktini.

3. Vichwa vya miosini hushika aktini na kuivuta, kama wavuvi wavutavyo kamba ya dau.

4. Ili kichwa kiachie, lazima kipate ATP, yaani kemikali inayobeba nguvu za seli. ATP ikivunjwa, kichwa hujitega upya na kushika mbele zaidi.

Amri ikikoma, kalsiamu hurudishwa ghalani, tena kwa gharama ya ATP, na msuli hulegea.

Nami nilidhani nguvu ni za kushika tu. Kumbe hata kuachia kuna gharama! Samaki akifa, ATP humwishia. Vichwa vya miosini hung'ang'ania aktini visiweze kuachia, naye hukakamaa. Kolekole wa ami alikuwa ametumia akiba yake kwenye mshipi, ndiyo sababu alikaza mapema. Baadaye vimeng'enya hukatakata protini na nyama hulegea tena. Barafu huchelewesha kulegea huko.

Basi, wenzangu, samaki laini ni wawili: aliyetoka majini sasa hivi, na aliyelala. Tazameni macho na matamvua kabla ya kuhukumu. Lakini aliyekaza msimwite wa jana kwa kukaza kwake tu.

Nilipomweleza ami habari za ATP, alicheka. "Mimi niliyajua kwa mkono," akasema, "wewe umeyajua kwa kitabu." Tangu hapo sijapunguza bei kwa sababu hiyo.