Kutoboa Chuchu: Kidonda Kinachofichwa

Mapambo ya mwilini si mageni Mtwara. Bibi zetu wa Kimakonde walivaa ndonya kwenye mdomo wa juu, na hadi leo binti hutobolewa masikio akingali mdogo. Sikio likivimba mama anaona, shangazi anaona, jirani anauliza. Chuchu ikivimba, nani ataiona? Kuona haya ndiko humfikisha mtu zahanati jipu likiwa limeshaiva.

Kidonda cha miezi

Ndewe ya sikio hupona kwa wiki 6 hadi 8. Chuchu huchukua miezi 6 hadi mwaka, na muda wote huo ni kidonda hata kama hakiumi. Usaha unaweza kuanza mwenyewe ameshasahau siku aliyotobolewa. Ndani ya chuchu mna vijia vya maziwa. Vijidudu vikipenya humo, jipu huota ndani ya titi. Kovu nalo likiziba vijia, maziwa hupungua au hutuama. Wapo wanaonyonyesha bila shida, ila hakuna wa kukuhakikishia hilo mapema. Kwa binti ambaye hajazaa, ushauri wetu ni kuacha. Mjamzito na anayenyonyesha wasitoboe kabisa. Aliyekwisha kutoboa avue pambo kila anaponyonyesha, maana mtoto anaweza kulimeza au kukabwa nalo.

Sindano

Sindano iliyokwisha kutumika hubeba virusi vya UKIMWI na homa ya ini. Chuma kichafu huleta pepopunda. Kupitisha sindano kwenye moto wa kiberiti hakutoshi. Iwe mpya, ifunguliwe mbele ya macho yako. Bastola ya kutobolea masikio isiguse chuchu. Chanjo ya homa ya ini B iliingia katika chanjo za watoto nchini mwaka 2002, hivyo aliyezaliwa kabla ya hapo huenda hana kinga. Ukishuku kuwa sindano ilitumika kwa mwingine, wahi kituo cha afya kabla ya saa 72 kupita upewe dawa za kuzuia maambukizi ya VVU.

Bahari na korosho

Husemwa kwamba maji ya bahari hukausha kidonda. Anayetafuta pweza Msimbati au anayeoga Mto Ruvuma asitegemee maji hayo, ya bahari wala ya mto. Yana vijidudu vyake. Chemsha maji, yapoe, tia robo kijiko cha chai cha chumvi kwenye glasi moja, usafishe taratibu. Na wakati wa kubangua korosho usiguse kidonda kabla ya kunawa vizuri kwa sabuni: mafuta ya ganda huunguza ngozi.

Wakati wa kwenda hospitali

Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri, kwa hiyo gusa kwa mgongo wa kiganja usikie joto. Joto, ugumu, usaha, homa au tezi za kwapani zilizovimba: nenda, iwe zahanati ya kijijini au Hospitali ya Ligula. Usikamue, wala usivue pambo mwenyewe, kwani tundu linaweza kufunga na usaha ukabaki ndani. Uvimbe usioisha, au chuchu inayotoa damu, upimwe. Usiseme ni pambo tu. Ukiona haya mbele ya foleni, mwambie muuguzi, "Nina jipu la titi." Mengine utayaeleza chumbani.