Ramadhani, Siku ya 12: Muhali Usile Haki Yako



Aya za funga katika Suratul Baqara zinaanzia ya 183 hadi ya 187. Hizo tunazisikia kila mwaka. Sasa fungua Msahafu wako uitazame inayofuata, ya 188. Hapo hatuambiwi tena habari za daku wala futari. Tunakatazwa kulana mali zetu kwa batili. Mpangilio huu una mafunzo yake: mtu aliyeacha maji yake mwenyewe ya halali tangu alfajiri, vipi magharibi afuturu kwa jasho la mwenzake?

Leo tuiangalie aya hiyo hapa hapa tunapoishi, Uingereza. Aliyeliwa mara nyingi ni mgeni. Kiingereza bado kinamsumbua, sheria hazijui, na akikutana na mtu anayemsalimu kwa Kiswahili moyo unatulia. Anatoa pesa mkononi, hapewi risiti, na kuomba risiti anaona muhali. "Huyu mtu wetu bwana, nitamwambiaje aniandikie?" Hapo ndipo haki nyingi zinapopotea.

*1. Anayekujazia fomu*

Hapa sheria iko wazi. Tangu sheria ya uhamiaji ya mwaka 1999, hairuhusiwi mtu kutoa ushauri wa uhamiaji kama kazi au huduma bila kusajiliwa, hata kama hatozi peni moja. Adhabu yake inaweza kufika kifungo cha miaka 2. Wanaoruhusiwa ni mawakili wanaosimamiwa na vyombo vyao, na washauri waliosajiliwa na Immigration Advice Authority, ile ofisi iliyokuwa ikiitwa OISC mpaka Januari 2025. Orodha yao iko wazi kwenye mtandao, na kutafuta jina ni kazi ya dakika mbili. Mshauri wa kweli atakupa barua inayoeleza kazi atakayokufanyia na gharama yake. Asiyetaka kuandika chochote, muage kwa salama.

Kuna jambo jingine limeingia karibuni. Vile vikadi vya kibali cha kuishi vilifika mwisho tarehe 31 Desemba 2024, na sasa hali ya mtu inatazamwa mtandaoni kupitia akaunti ya UKVI. Kufungua akaunti hiyo ni bure. Ukimpa mtu akufungulie, hakikisha barua pepe ni yako na namba ya simu ni yako. Akiweka zake, ufunguo wa maisha yako umebaki mfukoni mwake. Siku ukigombana naye, au akibadilisha simu tu, utamthibitishiaje mwajiri kwamba unaruhusiwa kufanya kazi?

Na usiweke sahihi kwenye fomu usiyoielewa. Ukiandikiwa uongo, jina lililo juu ya karatasi ni lako, si lake. Udanganyifu kwenye ombi la viza unaweza kumfungia mtu mlango kwa miaka 10.

*2. Dipoziti ya nyumba*

Kwa England, mpangaji wa kawaida akitoa dipoziti, mwenye nyumba ana siku 30 kuiweka kwenye mmoja wa mifuko mitatu iliyoidhinishwa na serikali, na kumpa mpangaji maelezo kwa maandishi. Asipofanya hivyo, mahakama inaweza kumwamuru alipe kuanzia mara 1 hadi mara 3 ya dipoziti hiyo. Anayekodi chumba ndani ya nyumba anayoishi mwenyewe hali yake ni tofauti, hivyo ulize kabla ya kulipa. Vyovyote iwavyo, lipa kwa benki. Ukilazimika kutoa taslimu, taka risiti.

*3. Benki na mikopo*

Wapo wanaokaa miaka bila akaunti, mshahara unapita kwa jamaa, kwa sababu waliambiwa hawana vigezo. Benki kubwa za hapa zinatakiwa kutoa akaunti ya msingi kwa anayeishi nchini kihalali, hata anayesubiri majibu ya hifadhi. Haina ada ya mwezi, na hairuhusu kutoa zaidi ya ulichonacho, kwa hiyo hakuna riba ya aina hiyo itakayokunyemelea. Benki ikikukatalia, omba sababu. Ukiwa na malalamiko na wiki 8 zikapita bila jibu la mwisho, yapeleke kwa Financial Ombudsman. Huduma hiyo ni bure.

Na yule anayekopesha mtaani, anashika pasipoti ya mtu au kadi yake ya benki kama rehani, na deni linapanda kila wiki? Mbali na riba, akikopesha bila leseni anavunja sheria ya nchi. Mwenye kosa hapo ni mkopeshaji, si aliyekopa. Kwa hiyo usione haya wala usiogope kutafuta msaada.

*4. Ulichonunua kibovu*

Katika fiqhi yetu tunalo somo la khiyari: mnunuzi akigundua aibu ya bidhaa aliyofichwa, ana haki ya kuirudisha. Sheria ya hapa ya mwaka 2015 iko karibu na hilo. Bidhaa ya dukani ikiwa mbovu, una siku 30 kuirudisha na kudai pesa yako yote. Ukinunua mtandaoni, kwa bidhaa nyingi unazo siku 14 tangu ikufikie kughairi, hata kama haina kasoro. Haki hizi haziulizi pasipoti yako ni ya nchi gani. Na kama duka ni la ndugu yako Mwislamu, basi yeye ndiye wa kwanza kupaswa kuzitimiza.

*Tafakari*

Huenda ukasema, "Lakini kudai dai si tabia nzuri, mtu asubiri." Ndugu yangu, imepokewa na Bukhari na Muslim kwamba mtu alikuja kumdai Mtume ﷺ deni lake, akasema kwa ukali. Masahaba wakataka kumshughulikia. Mtume akawazuia, akawafahamisha kwamba mwenye haki ana nafasi ya kusema. Kisha akaamuru apewe ngamia bora kuliko yule aliyekuwa akimdai. Ikiwa Mtume mwenyewe alidaiwa akatulia, sembuse sisi tukiombwa risiti?

Na aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya sura hiyo hiyo, inahusu kuandika deni na kuweka mashahidi. Iliwaambia hivyo Masahaba, watu waaminifu kuliko sisi. Basi kuandikiana si kutuhumiana. Wazee wetu nao walishasema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Sasa neno kwa sisi tuliotangulia kufika. Kumsindikiza mgeni ofisini, kumtafsiria, kumwonyesha mlango wa Citizens Advice ambako ushauri ni bure, hayo hayakatazwi na ndiyo sadaka ya mwezi huu. Ila kugeuza ugeni wake kuwa biashara, kwa kumuuzia kile ambacho serikali inatoa bure, jamani hilo tuliogope. Kama ulishachukua pesa ya mtu na kazi hukuifanya, usingoje laylatul-qadri ulie. Mrudishie kwanza, kisha ulie.

*Jambo la kufanya leo kabla ya futari:* chagua moja. Tafuta karatasi ya dipoziti yako. Au ingia mwenyewe kwenye akaunti yako ya UKVI uone barua pepe ni ya nani. Au mpigie simu mgeni mmoja unayemjua, umuulize kama kuna karatasi inayomtatiza.

Ewe Mola, tutosheleze kwa halali Yako tusihitaji haramu. Usitufanye wenye kudhulumu wala wenye kudhulumiwa. Pokea funga zetu, na uwafungulie milango wageni walio baina yetu. Amin.

Mfikishie na mwenzako. Ramadhan Karim.