Miguu ya Mteja Usiikate: Ya Kufanya na Kutofanya kwa Mpiga Picha

Maagizo haya ni ya wanaojiita wasanii wa picha, na ni ya wale pia wanaojigamba kwamba sanaa haiwahusu, wao wanapiga kinachopendwa. Nimewachoka nyote sawasawa, maana kosa lenu ni moja: mnapiga picha huku mmegeuza shingo kuangalia nani anawatazama.

USIPIGE jahazi likipita mbele ya jua linalozama. Najua litapendwa. Mimi mwenyewe ninazo kumi na tatu, na siwezi kuzitofautisha mpaka nisome tarehe nyuma. Ukishindwa kujizuia, basi panda ndani ya chombo umpige baharia anayekumba maji kwa kopo la rangi.

FANYA kwanza anachotaka mteja, ndipo ufanye unachotaka wewe. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo nilipoumbuka.

Mwaka wangu wa kwanza studio, enzi za mkanda, alikuja bwana mmoja na suti ya kaki na viatu vipya, vyeupe kama maziwa. Nami wiki ile nilikuwa nimeazima gazeti la picha la kigeni. Nikamsogeza dirishani, nikazima taa zote, mwanga ukampiga ubavuni. Nikamkata kifuani. Nilijiona bingwa. Siku ya kuchukua picha aliishika kwa ncha za vidole, akaigeuza kwenye mwanga, akaniuliza, “Kijana, nusu ya uso wangu umempa nani?” Nikaanza kumweleza habari za kivuli. Akanikatiza: “Na viatu?”

Picha ilikuwa ya kupeleka kwao, wakaone kwamba mjini amefika na anavaa viatu. Nikampiga upya bila malipo: wima, mikono ubavuni, macho yote mawili, viatu mpaka kisigino. Negativu zote mbili ninazo hadi leo. Ya kwanza inaonyesha nilikuwa nimesoma gazeti gani. Ya pili inaonyesha mtu.

USIDHANI kwamba kumridhisha mteja ndiko kuua sanaa. Mtazame mpiga picha Seydou Keïta wa Bamako, Mali. Alifungua studio yake mwaka 1948, na waliokuja walitaka yale yale aliyotaka bwana wangu wa viatu: saa ionekane mkononi, gauni lienee, redio iwe pembeni, na anayependa asimame karibu na gari la Keïta mwenyewe, Peugeot. Akawapa. Filamu zake zilikuwa kubwa na za gharama, kwa hiyo mara nyingi mteja alipata mpigo mmoja tu. Pazia lake la kwanza lilikuwa shuka lake la kitandani, lenye nyuzi za kuning'inia, na kila baada ya miaka michache alikuwa akibadilisha kitambaa. Baadaye kitambaa ndicho kilichomsaidia kukumbuka picha ni ya mwaka gani. Alichoongeza yeye ni kuugeuza uso kidogo tu, na kuliacha gauni la maua litambae juu ya pazia la maua mpaka usijue mwanamke anaishia wapi. Mteja hakuona ameibiwa kitu. Leo picha hizo ziko kwenye majumba ya sanaa ya Ulaya na Marekani.

Mteja ni mtu mmoja, yuko mbele ya lenzi, ana shingo inayouma na haraka ya kuwahi basi. Umati uko nyuma ya bega lako na hauna haraka ya kwenda popote. Msichanganye hawa wawili.

FANYA kazi ya kuandika jina, mahali na mwaka nyuma ya kila picha. Picha za Keïta zilipoonyeshwa New York mwaka 1991 ziliandikwa kuwa za mpiga picha asiyejulikana, naye alikuwa hai, Bamako, na maelfu ya negativu zake.

USIIGEUZE picha iwe nyeusi na nyeupe ili ionekane ya kisanaa. Ikiwa tupu, itakuwa tupu ya kijivu. Mmarekani William Eggleston alipoonyesha picha zake za rangi kwenye jumba la sanaa ya kisasa la New York mwaka 1976, wakosoaji walimshambulia: kwao rangi ilikuwa ya matangazo na ya albamu za nyumbani. Alikuwa amepiga baiskeli ya mtoto ya magurudumu matatu, kamera chini kabisa, mpaka baiskeli ikazidi nyumba kwa ukubwa. Wangapi sasa wanawakumbuka wale wakosoaji?

Wala usijidanganye kinyume chake, kwamba ukichukiwa ndiyo umekuwa msanii. Picha mbaya nazo huchukiwa.

USIANDIKE aya tatu chini ya picha ukiipa jina la “Ukimya” au “Safari ya Nafsi”. Kama unacho cha kusema kwa maneno, kuna magazeti.

USIPIGE dhiki ya mtu kama huna jibu la swali la pili. Swali la kwanza ni “nini hiki?”, na picha inalijibu. La pili ni “halafu ikawaje?” Machi 1993 Kevin Carter, wa Afrika Kusini, alimpiga mtoto aliyeinama kwa njaa huko Sudan, tai ametua nyuma yake. Picha ilitoka New York Times, wasomaji wengi wakauliza mtoto amefikia wapi, na gazeti likalazimika kuchapa maelezo kwamba mwisho wake haujulikani. Mwaka uliofuata ikapata tuzo ya Pulitzer. Julai ya mwaka huo huo Carter akajiua. Simhukumu. Alikuwa mahali ambapo wengi wenu hamtathubutu kufika, na picha ile iliwaamsha watu waliolala. Ninawasema nyinyi mnaosimamisha gari njiani, mnampiga mtoto mwenye kamasi kupitia dirishani, mnaondoka bila hata salamu, na jioni mnahesabu laiki.

USIFUTE watu kwa kompyuta. Mtaniambia mpiga picha Mjerumani Andreas Gursky alifuta majengo na wapita njia kwenye picha yake ya mto Rhein, na mwaka 2011 ikauzwa zaidi ya dola milioni 4. Sawa. Yeye alikuwa anauza wazo lake juu ya mto. Wewe umelipwa umpige shangazi wa bwana harusi, na shangazi ana kitambi. Mwache na kitambi chake.

FANYA bidii uchapishe. Bandika picha ukutani unapokulia chakula, iache mwezi mzima. Ukiacha kuiona baada ya siku tatu, ishushe, hata kama watu elfu mbili wameipenda. Ukijikuta umeshika tonge hewani unaitazama, usiiguse, hata kama mkeo anasema haina maana.

USINITUMIE kazi zako kwenye simu. Niletee Jumamosi asubuhi, zimechapishwa, saizi ya postikadi, zisizidi kumi. Za jahazi ziache nyumbani.