Kitabu cha Uyoga

Petro ni mwanafunzi wa mwaka wa sita katika kijiji kimoja cha Katanga, karibu na Likasi. Siku moja mwalimu alimwazima kitabu chenye picha nyingi, kilichotoka Ulaya. Kilieleza habari za uyoga. Petro alikisoma kila jioni.

Humo alijifunza mambo ya ajabu. Watu wengi hudhani uyoga ni mmea kama mboga. Sivyo. Mmea wenye majani mabichi hujitengenezea chakula kwa nguvu ya jua, uyoga hauwezi. Uyoga mwingine hupata chakula katika miti iliyokufa na majani yaliyooza. Mwingine hushikana na mizizi ya miti mizima: mti huupa uyoga sukari, na uyoga huupa mti maji na chumvi za udongo. Tena, kile watu wanachochuma ni kama tunda tu. Mwili wenyewe ni nyuzi nyembamba sana zilizofichwa udongoni.

Alisoma pia habari za mchwa. Ndani ya kichuguu, mchwa hulima uyoga kama shamba. Huleta majani makavu na vipande vya miti, uyoga huvilainisha, nao mchwa hula. Mvua zikianza, uyoga hutoboa udongo na kutokea nje. Katika Katanga na Zambia uko uyoga wa mchwa ambao kofia yake huweza kufika metre 1 kwa upana.

Siku ya Posho, mvua ilipokwisha, Petro alikwenda porini na kitabu mkononi. Akaona uyoga mweupe wa kupendeza, uliofanana sana na picha moja. Chini ya picha iliandikwa kwamba unalika. Akajaza kikapu, akampelekea nkambo yake kwa furaha.

Nkambo akatwaa mmoja, akaugeuza, akatazama chini ya kofia. Kisha akapangusa udongo penye mguu wake. Palikuwa na kifuko kama ganda la yai.

«Mjukuu wangu, huu siujui,» akasema. «Mama yangu hakunionyesha.» Akamwaga kikapu chote shimoni.

Petro akanuna. «Lakini nkambo, kitabu kinasema unalika!»

«Kitabu kiliandikwa wapi?»

«Ulaya.»

«Basi, mwandishi wake hakupita katika pori letu.»

«Na tukiupika sana? Tena wadudu wameula, wala hawakufa.»

«Mdudu si mtu. Na sumu nyingine haiogopi moto.»

Usiku Petro alifungua tena kitabu. Safari hii alisoma ukurasa wa kwanza, ambao aliuruka kwa haraka ya kutazama picha. Ulionya hivi: mtu asile uyoga kwa kufuata picha tu. Uyoga wa nchi moja hufanana na wa nchi nyingine, lakini mmoja ni chakula na mwingine ni kifo. Sumu iliyo mbaya kabisa haitoki kwa kupika. Aliyeila hukaa saa 6, hata saa 12 na zaidi, bila kusikia maumivu, kumbe ini lake linaharibika.

Petro alitetemeka. Kwao walikuwa watu saba waliokula katika chungu kimoja.

Asubuhi alimsomea nkambo maneno yale, kwa maana yeye hakujua kusoma. Mama mzee alicheka, akasema: «Kumbe mtu huyu wa Ulaya ana akili!»

Tangu siku hiyo wanakwenda porini pamoja. Petro anaeleza jinsi uyoga unavyoishi. Nkambo anamwonyesha ule unaolika. Na uyoga wasioujua wote wawili hubaki palepale ulipoota.

Maulizo

1. Uyoga hupata wapi chakula chake?
2. Mchwa hufanya kazi gani ndani ya kichuguu?
3. Kwa nini nkambo alimwaga kikapu?
4. Petro alikosa nini alipokuwa akisoma kitabu?
5. Nyumbani kwenu, ni nani anayejua uyoga? Mwulize majina ya uyoga mitatu unaolika, uyaandike.