Jino Likichongwa, Kiini Kilindwe

Baadhi ya visima virefu vya Kitui na Makueni vina floridi inayozidi miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha juu kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Watoto wanaokunywa maji hayo huota meno yenye madoa ya kahawia, na wakiwa watu wazima wengine huomba yavishwe kofia. Madoa hafifu hayahitaji kofia. Hung'arishwa bila kuchonga jino.

Kofia ikihitajika, enameli, yaani tabaka gumu la nje, huchongwa na dentini hubaki wazi. Kila milimita ya mraba ya dentini ina maelfu ya vijitundu vinavyoelekea kwenye kiini chenye neva na damu. Umajimaji ulio ndani yake ukisukumwa, maji baridi huchoma. Bakteria nao hupata njia.

Kwa hiyo daktari anaweza kuziba dentini kwa gundi maalumu siku hiyohiyo, ikiwa bado safi, kabla ya kuchukua umbo la jino. Kofia ya muda peke yake huweza kuvuja. Mgonjwa aulize kabla ya kudungwa ganzi: "Daktari, dentini itazibwa leo?" Jino likimwamsha usiku, arudi kliniki mara moja, asingoje kofia ya kudumu.